Comenius, mwalimu wa lugha aliyepanga masomo kwa mashine ya kuchapia

Mwaka jana, kitivo chetu kilipokuwa kinapanga upya programu ya shahada ya kwanza kwa kufuata mfumo wa LMD, nilikuwa mmoja wa wanafunzi watatu walioitwa kuisaidia tume. Hatukuitwa kuamua lolote. Tulipewa kompyuta mbili na orodha za kozi ambazo walimu walikuwa wameziandika kwa mkono, tukaambiwa tuziingize katika jedwali la Excel: jina la kozi, saa zake, kredi zake, muhula wake, mwalimu wake. Jedwali hilo ndilo sisi sote hapa tunaloliita maketi. Mimi niliongeza kanuni ndogo: muhula ukifikisha kredi 30, kisanduku kinageuka kijani, ukipungua au ukizidi, kinageuka chekundu. Baada ya wiki mbili visanduku vyote sita vilikuwa vya kijani, kredi 180 za miaka mitatu zilikuwa zimetimia, nami nikajiona fundi.

Siku tulipowaonyesha wanafunzi wenzetu kazi ile, mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyetoka Kasai, aliuliza swali. Yeye amekua kwa Ciluba na Kifaransa. Kiswahili alianza kukisikia alipofika mjini kwetu. Katika muhula wa kwanza tulikuwa tumemwekea fonolojia ya Kiswahili, uchambuzi wa maandishi na tafsiri. Alitaka kujua lugha yenyewe atajifunza katika muhula gani. Nilipitisha macho katika jedwali lote, nisione mahali pa kumjibia. Kompyuta ilikuwa imetuhakikishia kwamba hesabu ni sawa, na kweli hesabu ilikuwa sawa.

Mwalimu mmoja wa tume hakunilaumu. Alinishauri tu nikasome maisha ya Comenius, kisha nirudi kwenye jedwali langu. Nilikuwa nimelisikia jina hilo katika kozi ya didaktiki, katika sentensi moja, kama baba wa ufundishaji wa kisasa, na sikujua zaidi. Niliyoyasoma ninayasimulia hapa kwa maneno yangu, kwa sababu naamini yanamhusu kila mtu katika kitivo hiki atakayeombwa kupanga kozi kwa kutumia mashine.

Jan Amos Komenský, ambaye wasomi wa Ulaya walimjua kwa jina lake la Kilatini, Comenius, alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Jamaa zake walikuwa waumini wa Umoja wa Ndugu, kanisa dogo la Kiprotestanti lenye mizizi kwa wafuasi wa Jan Hus. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi baba yake alipofariki. Haukupita muda, mama yake na dada zake wawili nao wakafa. Alichukuliwa na shangazi, lakini vita viliufikia mji wa shangazi pia. Ndiyo maana alichelewa. Aliingia shule ya Kilatini huko Přerov akiwa na miaka 16, wakati wenzake wengi walikuwa wameanza wakiwa watoto.

Nadhani kuchelewa huko ndiko kulikomfanya awe mwalimu. Mtoto wa miaka minane hajui kwamba anafundishwa vibaya. Hudhani yeye ndiye mjinga. Kijana wa miaka 16 anaona. Comenius aliona kwamba sarufi ya Kilatini ilifundishwa kwa Kilatini, yaani kanuni za lugha usiyoijua zinaelezwa kwa lugha ile ile usiyoijua. Watoto walikariri, walichapwa, miaka ikapita, na mwisho wengi walitoka shuleni wakiwa na chuki ya vitabu. Hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Mwaka 1611 alipelekwa kusoma Herborn, nchini Ujerumani. Huko alimkuta mwalimu kijana, Johann Heinrich Alsted, aliyemzidi miaka minne tu. Alsted alikuwa na tamaa kubwa: kukusanya elimu zote katika kazi moja yenye mpango mmoja. Ensaiklopidia yake ilichapishwa mwaka 1630. Herborn ilikuwa imerithi pia njia ya Petrus Ramus, profesa wa Paris wa karne ya 16, ambaye aligawa kila somo katika sehemu mbili, na kila sehemu katika nyingine mbili, mpaka ukurasa ukafanana na mti uliolazwa ubavu, shina kushoto na matawi kulia. Ukiziona kurasa hizo leo utadhani zimetengenezwa na programu ya kompyuta.

Hapa ndipo nilipoanza kusoma kwa makini. Mashine ya kuchapia ilikuwa na zaidi ya miaka 150 wakati huo, na ilikuwa imebadilisha namna ya kufikiri juu ya masomo. Jedwali la matawi likinakiliwa kwa mkono, kila mnakili huongeza kosa lake. Likichapwa, mwanafunzi wa Herborn na wa mji mwingine wanaona ukurasa ule ule, tawi lile lile, namba ile ile. Kwa hiyo mtu aliweza sasa kupanga somo zima mezani kwake, kabla ya kukutana na mwanafunzi hata mmoja. Nguvu hiyo ilikuwa mpya. Ni nguvu ile ile niliyoihisi mimi mbele ya visanduku vyangu vya kijani.

Kutoka Herborn alikwenda Heidelberg, ambako alinunua muswada wa Copernicus juu ya mizunguko ya sayari, ulioandikwa kwa mkono wa Copernicus mwenyewe. Mwaka 1614 alirudi nyumbani kwa miguu. Alifundisha Přerov, akawekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1616, na mwaka 1618 akatumwa Fulnek kuongoza kanisa na shule. Alikuwa ameoa. Mwaka huo huo vita vya Miaka Thelathini vilianza. Tarehe 8 Novemba 1620 jeshi la Waprotestanti wa Bohemia lilishindwa karibu na Praha, katika vita vya Mlima Mweupe, na tangu siku hiyo watu wa kanisa lake walikuwa wa kuwindwa. Fulnek ilitekwa na kuporwa mwaka 1621. Mwaka uliofuata tauni ilimuua mke wake na watoto wake wawili. Vitabu vyake alivyoviacha vikachomwa hadharani. Yeye alikuwa mafichoni, akihama kutoka kwa mwenyeji mmoja hadi mwingine.

Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kuelezwa sana maana ya maisha ya namna hiyo. Nasema tu kwamba mtu huyu hakuanza kufikiria mpango wa masomo akiwa ofisini penye utulivu. Aliufikiria mafichoni, akiamini kwamba siku moja watu wake watarudi nchini na watahitaji shule. Mwanzoni aliandika mpango wake mkuu wa elimu kwa Kicheki, lugha ya mama yake, kwa ajili ya siku hiyo ya kurudi.

Siku hiyo haikufika. Mnamo Februari 1628 alivuka mpaka na wenzake, akakimbilia mji wa Leszno nchini Polandi. Huko alipewa kazi ya ualimu katika shule ya Kilatini, na huko alikamilisha ule mpango, ambao baadaye aliutafsiri kwa Kilatini na ambao leo unajulikana kama Didactica Magna, Didaktiki Kuu. Ndani yake aligawa maisha ya masomo katika ngazi nne za miaka sita sita: shule ya magoti ya mama, shule ya lugha ya mama, shule ya Kilatini, na mwisho chuo kikuu pamoja na safari, kuanzia miaka 18 hadi 24. Watoto wote, wavulana na wasichana, tajiri na maskini, walipaswa kupita shule ya lugha ya mama kabla ya lugha nyingine yoyote. Katika kila ngazi kanuni zilikuwa zile zile: kitu kabla ya neno, jepesi kabla ya gumu, kinachojulikana kabla ya kisichojulikana, jambo moja kwa wakati mmoja.

Kuhusu chuo kikuu alikuwa na maoni ambayo tume yetu ingeweza kuyajadili hata leo. Alitaka mtihani mwishoni mwa shule ya Kilatini, uonyeshe nani anafaa kuendelea na katika fani gani. Alitaka mwanafunzi asome waandishi mwenyewe, si maelezo ya mwalimu tu. Na kwa kuwa vitabu vilikuwa vingi na vikubwa, alipendekeza viandaliwe vifupisho vilivyochapwa, vimpe kila mmoja picha ya fani nzima. Alitaka kile ambacho profesa anafundisha hadharani kiwe ndicho ambacho wanafunzi wanakisoma kwa faragha, kisha wakutane mchana kukijadili, profesa akiwa mwenyekiti na wanafunzi wakiwa wasemaji.

Na katika kitabu hicho hicho alifananisha shule na matbaa. Wanafunzi ni karatasi, alieleza. Vitabu vya kozi na zana nyingine ni herufi za risasi. Sauti ya mwalimu ni wino unaohamisha maana kutoka kitabuni hadi akilini. Nidhamu ni ule mtambo unaokandamiza karatasi ili ipokee chapa. Kama vile mchapaji mmoja anavyotoa nakala elfu moja zilizo sawa, ndivyo mwalimu mmoja mwenye vitabu vilivyopangwa vizuri atakavyoweza kufundisha kundi kubwa bila kuchoka. Aliipa njia hiyo jina lake la kitaalamu, na aliona fahari kubwa juu yake.

Nilipofika hapo nilikasirika kidogo. Mwalimu wangu alikuwa amenituma kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kama langu. Karatasi haiulizi swali. Karatasi haitoki Kasai.

Lakini ilinibidi niendelee kusoma, kwa sababu maisha yake yalikuwa yanalikosoa fumbo lake mwenyewe. Mwaka 1631 alichapisha Leszno kitabu kilichomfanya maarufu: Janua linguarum reserata, Mlango wa Lugha Uliofunguliwa. Wazo lake lilitoka kwa Wajesuti wa Kiairishi wa Salamanca, Hispania, waliochapisha kitabu chenye jina karibu na hilo mwaka 1611. Comenius alilitengeneza upya. Alichukua maneno ya Kilatini yapatayo 8,000, akayapanga katika sentensi 1,000, katika sura 100, kila sura juu ya jambo moja la dunia: moto, mimea, mwili, kazi za mikono, nyumba, mji, serikali. Mwanafunzi alijifunza lugha na dunia kwa pamoja. Ni mpango wa ajabu. Nimejaribu kufikiria kuufanya kwa Kiswahili kwa msaada wa kompyuta, na bado sijui ningeanzia wapi. Yeye aliufanya kwa vikaratasi na subira.

Kitabu kilienea haraka kuliko alivyotazamia. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya, na walimu wa miji ambayo hakuwahi kuiona walikitumia darasani. Kwa kipimo cha matbaa, kilikuwa ushindi mtupu.

Ila katika madarasa ya waanzaji kilikwama. Comenius alikuwa amejitahidi kutumia karibu kila neno mara moja tu, ili asipoteze nafasi. Kwa mpangaji, huo ni usafi: maneno 8,000, sentensi 1,000, hakuna marudio. Kwa mtoto anayeanza, ni mateso, kwa maana neno ulilokutana nalo mara moja halikai. Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini ulikuwa juu mno, na mbele yake hapakuwa na ngazi.

Alilofanya baada ya hapo ndilo lililonifanya nimheshimu. Hakuwalaumu walimu wala hakusema watoto ni wazito. Mwaka 1633, akiwa katika kilele cha sifa, alitoa kitabu kingine kidogo zaidi, Vestibulum, chenye maneno kama elfu moja ya kila siku katika sentensi fupi. Jina lake kwa Kilatini ni ile sehemu ya mbele ya nyumba ambapo mgeni hupokewa kabla ya kuingia. Kwetu tungesema kibaraza. Alikuwa amejenga mlango kwanza, akagundua kwamba watu hawawezi kuufikia, akarudi nyuma kujenga kibaraza.

Sifa za Janua zilimpeleka mbali. Samuel Hartlib na marafiki zake walimwita Uingereza, naye akafika London mnamo Septemba 1641. Kulikuwa na mazungumzo ya kumpa nyumba na mapato ya chuo kimojawapo, ili wataalamu wa mataifa mbalimbali wakae pamoja wakipanga elimu yote na vitabu vyake. Hicho kingekuwa chuo kikuu cha namna mpya. Kisha maasi yakazuka Ireland, mfalme na Bunge wakaelekea kupigana, na kila mtu akawa na jambo la haraka zaidi. Comenius aliondoka mwaka 1642. Njiani, nchini Uholanzi, alikutana na Descartes, wakazungumza kwa saa nne wakaagana kwa heshima bila kukubaliana: mmoja alitegemea akili peke yake, mwingine alitaka akili, hisi na Maandiko viende pamoja.

Kutoka huko alienda kufanya kazi kwa ajili ya Uswidi. Tajiri Louis de Geer alilipa gharama, na waziri mkuu Axel Oxenstierna alitaka jambo moja tu: vitabu vizuri vya Kilatini kwa shule za Uswidi. Comenius alitamani kuandika mpango wa elimu yote, lakini mwenye fedha alitaka sarufi na kamusi. Alikaa miaka sita katika mji wa Elbing akiandika alichoombwa, wakati mwingine kwa manung'uniko, huku akitumaini kwamba Uswidi itawasaidia watu wake kurudi nyumbani. Mwaka 1648 Amani ya Westphalia ilitiwa sahihi, na wakimbizi wa kanisa lake hawakupewa haki ya kurudi. Mwaka huo huo mke wake wa pili alifariki. Wenzake walikuwa wamemchagua kuwa askofu wa kanisa ambalo sasa halikuwa na nchi.

Mwaka 1650 alialikwa Sárospatak, nchini Hungaria, aanzishe shule kwa mpango wake mwenyewe. Hapa mwishowe alikuwa na jengo. Alichora shule ya madarasa saba, kila darasa na kitabu chake, saa zake, michezo yake, na hata picha za kuchorwa ukutani kulingana na somo la mwaka. Katika karatasi ule ulikuwa mpango kamili. Kwa kweli yalifunguliwa madarasa matatu tu ya kwanza. Wanafunzi wengi walikuja bila msingi, walimu hawakuwa na ari, wazazi walitaka matokeo ya haraka. Comenius aliandika michezo ya kuigiza minane ili vijana wajifunze Kilatini wakiwa wamesimama jukwaani, kwa sababu wakiwa wamekaa kwenye benchi walilala. Walimu wenzake waliona jambo hilo ni upuuzi, hadi wazazi walipojaa kutazama.

Na hapo Sárospatak, kwa ajili ya wanafunzi ambao hata kibaraza kiliwashinda, alirudi nyuma hatua nyingine. Alitunga Orbis Sensualium Pictus, Dunia ya Vitu Vionekanavyo Katika Picha. Hungaria hakupatikana fundi wa kuchonga picha, kwa hiyo muswada ulipelekwa Nuremberg, ukachapishwa huko mwaka 1658. Una sura 150. Kila sura ina picha iliyochongwa kwenye ubao, na chini yake maelezo ya Kilatini na Kijerumani bega kwa bega. Kila kitu pichani kina namba, na namba hiyo hiyo imewekwa kando ya neno lake katika lugha zote mbili. Mtoto anaweka kidole kwenye picha ya mwokaji, anaona namba ya tanuri, anafuata namba hadi kwenye neno. Hapo matbaa ilitumiwa kwa nguvu zake zote: picha, namba, safu mbili za lugha, vyote katika ukurasa mmoja usiobadilika kutoka nakala hadi nakala. Lakini safari hii mashine ilipangwa kuanzia kidole cha mtoto. Kitabu hicho kiliendelea kutumika Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tazama, ndugu msomaji, mwendo wa kazi yake. Kila kitabu cha lugha kilichofuata kilimfikia mwanafunzi aliye nyuma zaidi ya yule wa kitabu kilichotangulia. Mlango, kisha kibaraza, kisha picha. Wengi wetu tunapanda kutoka jepesi hadi gumu. Yeye katika uandishi wake alishuka, kwa sababu kila darasa lilimwonyesha mtu ambaye mpango ulimsahau.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Alirudi Leszno. Mwaka 1656, katika vita kati ya Polandi na Uswidi, mji uliteketezwa. Comenius alikuwa amejitokeza kuwasifu Waswidi, na wengi walimlaumu kwa hilo. Motoni alipoteza nyumba, vitabu na miswada, ikiwemo kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoikusanya kwa zaidi ya miaka 40. Kwa mtu wa lugha, sijui msiba wa kazi unaozidi huo. Aliamini pia utabiri wa watu waliodai kuona maono ya kuanguka kwa wafalme, akauchapisha, na jambo hilo liliharibu jina lake kwa muda mrefu baada ya kifo. Sifichi hayo, mtu aliyepanga masomo ya wengine kwa utulivu hakuwa mtulivu katika matumaini yake mwenyewe.

Amsterdam ilimpokea. Kwa msaada wa mji huo alichapisha mwaka 1657 kazi zake zote za ufundishaji katika kitabu kimoja kikubwa, na Didaktiki Kuu ya Kilatini ilionekana humo kwa mara ya kwanza. Alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa Naarden. Aliacha muswada mrefu juu ya kurekebisha mambo yote ya wanadamu, ambao ndani yake alipanua mpango wa masomo tangu kuzaliwa hadi kufa, kwa watu wote wa mataifa yote. Muswada huo ulipotea. Ulipatikana katika miaka ya 1930 katika mji wa Halle, Ujerumani, na ulichapishwa kamili Praha mwaka 1966.

Nilirudi kwa mwalimu wangu, na pamoja tukarudi kwenye tume. Nilieleza nilichokisoma kwa ufupi, kisha nikasema jedwali langu lina kasoro ambayo rangi ya kijani haiwezi kuionyesha: linajua kozi ina kredi ngapi, halijui kozi inamtaka mwanafunzi awe anajua nini tayari. Tuliongeza safu mbili. Ya kwanza inasema mwanafunzi aingie na nini. Ya pili inasema atoke na nini. Tulipozijaza, mambo yalionekana mara moja. Kozi tatu za muhula wa kwanza zilidai Kiswahili sanifu ambacho hakuna kozi iliyokifundisha. Hata sisi tuliokua kwa Kiswahili cha nyumbani hatukuwa nacho. Tulijifanya tu kuwa nacho.

Kazi ngumu ilikuwa baada ya hapo. Kredi 30 za muhula haziongezeki. Ili kozi ya lugha kwa waanzaji iingie, nyingine ilipaswa kutoka au kusogea, na kila kozi ina mwenyewe. Majadiliano yalichukua mikutano mitatu. Hakuna programu iliyoweza kutusaidia hapo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameiomba programu ya akili bandia itunge maketi nzima, ikaitoa kwa dakika moja, safi, yenye majina mazuri ya kozi. Ilianza na fonolojia, kama yetu. Mwisho mwalimu mmoja mzee alikubali kozi yake isogezwe hadi mwaka wa pili, akapoteza saa ambazo alikuwa amezizoea kwa muda mrefu. Bila uamuzi wake, safu zangu mbili zingebaki mapambo.

Mwenzetu wa Kasai hakungoja. Kabla ya maketi mpya kuanza kutumika alikuwa amehamia kitivo kingine. Sikuwahi kumwambia kwamba swali lake ndilo lililolifungua jedwali. Kila mwaka wapya wanafika, na baadhi yao hawajui Kiswahili, wengine hawajui kwamba hawakijui. Kitivo cha lugha katika nchi yenye lugha nne za taifa kitawapata daima.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa walimu na wanafunzi watakaokaa mbele ya kompyuta baada yetu. Maketi yoyote, kabla haijapigiwa kura, asomewe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena yule aliye mbali zaidi na lugha yetu, naye aulizwe ni wapi anakwama. Comenius alihitaji miaka 27 kutoka mlangoni hadi kwenye picha. Sisi tunaweza kuanza kwa mchana mmoja na mtu mmoja.